Dk. Williamson: Tajiri wa almasi wa Mwadui aliyetaka kuamua kila jambo mwenyewe

MIONGONI mwa wageni waliokuja Tanganyika enzi za ukoloni kusaka utajiri wa ardhini, hakuna aliyeupata kwa kiwango cha Dk. John Thorburn Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga, Machi 6, 1940.

Wengi hapa nchini wanalijua jina lake kwa sababu ya mgodi unaoitwa kwa jina hilo. Wengine wanalijua kwa hadithi za mbuyu, za gari lililokwama matopeni na za jiwe la rangi ya waridi lililokwenda kupamba nguo za Malkia wa Uingereza. Lakini upo upande mwingine wa maisha yake ambao husimuliwa mara chache, nao ni namna alivyoiendesha kampuni yake: alivyoamua achimbe wapi, amuuzie nani, kwa bei gani, na lini akatae kuuza kabisa.

Maamuzi ya aina hiyo, katika migodi mikubwa ya leo kama ile ya ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, hupita kwanza ndani ya kompyuta kabla hayajafika mezani kwa meneja. Dk. Williamson aliyafanya kwa daftari, kalamu na kichwa chake, na kwa sehemu kubwa bila kupenda kuingiliwa na mtu.

Alizaliwa Februari 10, 1907, Montfort, katika jimbo la Quebec. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal nia yake ilikuwa kusomea sheria. Likizo moja ya kiangazi aliyoitumia katika nyika za Labrador, akiwa na msafara wa wachunguzi wa miamba, ikamgeuza. Akahamia jiolojia, akapata shahada ya kwanza mwaka 1928, ya pili mwaka 1930 na ya udaktari mwaka 1933.

Shahada hiyo ya udaktari aliipata wakati mbaya. Dunia ilikuwa bado imelemewa na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na kazi za wanajiolojia zilikuwa adimu. Akaelekea kusini mwa Afrika, akaajiriwa na kampuni ya Loangwa Concessions iliyokuwa ikitafuta madini katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Katikati ya miaka ya 1930 akavuka mpaka na kuingia Tanganyika, safari hii kwa ajira ya Tanganyika Diamond and Gold Development Company, iliyokuwa na mgodi mdogo wa almasi Mabuki, kusini mwa mji wa Mwanza.

Mabuki ilikuwa na almasi, ila hazikutosha. Gharama ziliyashinda mapato, na wakuu wa kampuni, baada ya kupiga hesabu zao, wakaamua kufunga virago. Kwa mizania ya vitabu vya fedha, uamuzi wao haukuwa na kosa. Kijana wao wa Kikanada, hata hivyo, aliona jambo ambalo halikuwamo vitabuni. Katika changarawe za nchi ya Usukuma kulikuwa na punje za madini mengine, kama ganeti na ilmenaiti, ambazo huandamana na almasi kama vile vumbi linavyoufuata msafara wa ng'ombe. Anayeyaona vumbi hilo hujua ng'ombe wamepita, hata kama hajawaona. Kwa Dk. Williamson, punje hizo zilimaanisha kwamba mahali fulani, si mbali, ulikuwapo mwamba-mama wa almasi, ule uitwao kimberlaiti. Waajiri wakaondoka, yeye akabaki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alizunguka nyika za Shinyanga akiwa na wasaidizi wachache, gari bovu, fedha za kuungaunga na malaria iliyomrudia mara kwa mara. Mwaka 1939 vita kuu ya pili ya dunia ikaanza, na vifaa ambavyo hata kabla ya hapo vilikuwa ghali vikawa havipatikani kwa fedha yoyote.

Aliyemwokoa alikuwa wakili wa mjini Mwanza mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra. Wakili huyo, ambaye baadaye alikuja kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alimpa msaada wa fedha na wa kisheria wakati ambapo mkopeshaji mwenye tahadhari asingemfungulia mlango. Kwa malipo yake alipata hisa katika biashara ambayo wakati huo haikuwa na thamani yoyote. Mtu akiutazama uamuzi huo wa Chopra kwa macho ya mhasibu ataona ni bahati nasibu. Lakini wakili alikuwa amempima mtu na kumwamini, na kipimo hicho hakina safu katika daftari la hesabu.

Kuhusu siku yenyewe ya ugunduzi zipo simulizi nyingi. Wapo wanaosema gari lilikwama matopeni na almasi ikaonekana wakati wa kulikwamua. Wapo wanaosema alijipumzisha chini ya mbuyu akaona jiwe liking'aa mbele ya miguu yake. Iwapo zote zina ukweli, basi mbuyu huo ulishuhudia mengi. Lililo wazi ni kwamba mtu aliyekuwa amefuata punje za madini kwa miaka kadhaa, kutoka mto hadi mto na kutoka kijiji hadi kijiji, hakufika Mwadui kwa kubahatisha.

Alichokipata kilikuwa kikubwa kuliko alivyoweza kutarajia. Bomba la kimberlaiti la Mwadui lina eneo la hekta 146 juu ya uso wa ardhi, sawa na viwanja vya mpira takriban 200 vilivyopangwa pamoja, na ni miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kuchimbwa kwa faida duniani. Zaidi ya hayo, mdomo wa volkano ile ya kale haukufutwa na mmomonyoko kama ilivyotokea kwingineko. Uligeuka ziwa, ukajaa mashapo, na juu yake zikatandazika changarawe zilizokusanya almasi kwa mamilioni ya miaka.

Hata hivyo, ukubwa huo una mtego wake. Almasi za Mwadui zimetawanyika mno. Katika mwamba wenyewe, tani 100 hutoa kwa kawaida pungufu ya karati 10, na kwa kuwa karati moja ni sawa na gramu 0.2, maana yake ni kwamba shehena nzima ya lori kubwa la mgodini inabeba almasi zisizofikia gramu 2. Mgodi wa namna hiyo hauna nafasi ya uzembe. Ukichimba mahali pasipo sahihi kwa mwezi mmoja, umeunguza mafuta, umelipa mishahara na umeosha mchanga mtupu.

Hapo ndipo ilipoanzia kazi halisi ya Dk. Williamson, ile isiyosimuliwa chini ya mbuyu. Mtafiti wa almasi huchimba mashimo kwa mpangilio, huosha changarawe ya kila shimo, huhesabu na kuyapima mawe aliyoyapata, kisha huyaandika kwenye ramani. Kutokana na nukta hizo chache hana budi kukisia kilichopo kati ya shimo na shimo. Makisio hayo ndiyo yanayoamua mashine zipelekwe upande gani. Miaka ile yalifanywa kwa uzoefu, kwa wastani wa kawaida wa hesabu na kwa kile wachimbaji wanachokiita pua.

Kampuni ya Williamson Diamonds iliandikishwa mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Mitambo mipya haikupatikana, hivyo uchimbaji uliendeshwa kwa vyuma vya kuokoteza, mashine zilizotengenezwa palepale na mikono ya vibarua wengi waliotoka vijiji vya jirani. Almasi zenyewe zilikuwa na soko la uhakika, kwani zile zisizofaa kwa mapambo zilihitajika viwandani kukatia na kunolea vyuma vya silaha.

Baada ya vita Mwadui ikageuka mji. Palijengwa hospitali, shule, maduka, karakana, uwanja wa ndege, mtandao wa maji na umeme, mambo ambayo miji mingi ya Tanganyika wakati huo haikuwa nayo. Aliyeyajenga alisifiwa sana kwa hilo, na kwa haki. Lakini haitakuwa haki kusahau kwamba, kama ilivyokuwa kila mahali chini ya ukoloni, makazi na ujira wa Mwadui vilipangwa kwa kufuata rangi ya ngozi, na Msukuma aliyeosha changarawe hakulala mtaa mmoja na fundi wa Kizungu aliyemsimamia.

Mwaka 1947 jina la Mwadui lilifika kila kona ya dunia. Mwezi Oktoba lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, na Dk. Williamson akalitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth aliyefunga ndoa mwezi uliofuata. Lilikatwa mjini London mwaka 1948, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Malkia aliivaa bruchi hiyo kwa miongo kadhaa, hadi alipofariki mwaka 2022.

Wapo walioiona zawadi hiyo kuwa ni ukarimu wa mtu mpweke asiye na mke wala mtoto. Pengine ilikuwa hivyo. Lakini pia hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kununuliwa kwa fedha likafikia lile, na mwenye mgodi alikuwa anaelekea kwenye mapambano ambayo yangemlazimu awe na jina.

Mapambano hayo yalikuwa na himaya ya almasi iliyoongozwa na Sir Ernest Oppenheimer, mwenyekiti wa De Beers. Karibu almasi yote ya dunia iliuzwa kupitia dirisha moja mjini London. Dirisha hilo ndilo lililopanga nani auze kiasi gani, ndilo lililoyapanga mawe kwa madaraja na ndilo lililotaja bei. Mchimbaji alijua gharama zake tu. Mnunuzi alijua gharama za wachimbaji wote, akiba iliyokuwa ghalani, mahitaji ya wakataji wa mawe kuanzia Antwerp hadi New York, na bei ambayo kila kundi lingeweza kuvumilia. Katika meza ya mazungumzo, mwenye taarifa nyingi ndiye aliyeshika kisu upande wa mpini.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Dk. Williamson aliingia katika mkataba na dirisha hilo, akapangiwa mgawo wake. Muda si mrefu akaanza kulalamika kwamba mawe yake yanathaminiwa chini ya haki yake. Mwaka 1950 akachukua hatua ambayo washauri wengi wangeipinga: akaacha kupeleka almasi London. Mgodi uliendelea kuchimba, mawe yakaendelea kupatikana, yakawa yanalimbikizwa.

Uzito wa hatua hiyo hauonekani mpaka mtu ajiulize kilichokuwa hatarini. Maelfu ya wafanyakazi walisubiri mishahara. Serikali ya kikoloni ilikuwa na maslahi yake katika kodi na mrabaha. Bila mauzo, kampuni ililazimika kuishi kwa akiba. Kwa upande wa pili, De Beers nayo ilikuwa na hofu yake: iwapo mtu mmoja huko Shinyanga angeamua kulimwaga lundo lake sokoni kwa mkupuo, bei iliyolindwa kwa miongo mingi ingeporomoka. Kila upande ulikuwa ukikisia uvumilivu wa mwenzake, na wala hakuna upande uliokuwa na takwimu kamili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makubaliano mapya yakafikiwa, na mzalishaji wa Mwadui akapata masharti bora zaidi. Alishinda. Ni ushindi ambao pengine hata kompyuta za leo zisingemshauri autafute, kwa kuwa ulitegemea zaidi ukaidi wake kuliko hesabu.

Ni jambo la kuvutia kwamba katika kipindi kilekile cha mvutano huo, sehemu mbili mbalimbali za dunia, watu wengine walikuwa wanaanza kuubadilisha uamuzi wa kibiashara usiwe tena suala la pua na ukaidi peke yake. Mjini London, mwaka 1951, kampuni ya chai na mikate ya Lyons iliwasha kompyuta yake iliyoitwa LEO, ambayo inatambuliwa kuwa ya kwanza duniani kufanya kazi za ofisi za biashara. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya makombora wala ya nyota. Ilikuwa kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka katika majiko ya kampuni, ili mameneja wajue kila bidhaa inawagharimu nini. Baadaye ikawa inapanga hata oda za kila siku za mikahawa ya kampuni hiyo.

Mwaka huohuo wa 1951, nchini Afrika Kusini, mhandisi kijana wa migodi, Danie Krige, aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kuhusu tatizo lilelile lililomkosesha usingizi kila mwenye mgodi: namna ya kukisia kilichopo kati ya shimo na shimo. Krige aliwaonyesha wachimbaji wa dhahabu kwamba sehemu ambazo sampuli huzionyesha kuwa tajiri sana, zikichimbwa, kwa kawaida huwa na utajiri mdogo kuliko ulivyotabiriwa, na zile zilizoonekana maskini huwa si maskini kiasi hicho. Akatoa njia ya kulisahihisha kosa hilo kwa hesabu za takwimu. Mfaransa Georges Matheron aliipanua njia hiyo katika miaka ya 1960 na kuipa jina la Krige. Nako Kanada, nchi aliyozaliwa Williamson, wataalamu wawili, Helmut Lerchs na Ingo Grossmann, walichapisha mwaka 1965 njia ya kuikokotolea kompyuta umbo la shimo la mgodi wa wazi litakaloleta faida kubwa kuliko maumbo mengine yote.

Kwa hesabu hizo mbili, pamoja na kompyuta zenye nguvu ya kuzirudia mara maelfu, mgodi wa kisasa hugawanywa ndani ya mashine kuwa vipande vingi mithili ya matofali. Kila tofali hupewa makisio ya kiasi cha madini, gharama ya kulichimba, kulisafirisha na kulisaga. Meneja anaweza kuuliza: bei ya dhahabu ikishuka kwa Dola 100, shimo liishie wapi? Mafuta yakipanda bei, ni mwamba gani uachwe? Jibu la swali ambalo lingemchukua karani wa Mwadui miezi kadhaa hupatikana kabla chai haijapoa.

Mfano ulio karibu ni Geita. Mji huo ulikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa ukarejea mwaka 2000 kwa mgodi mpya wa mashimo ya wazi. Mwaka 2016 mgodi huo ukaanza kuingia chini ya ardhi katika eneo la Star and Comet. Swali la wapi shimo la wazi likome na handaki lianze ni swali la mabilioni ya shilingi, na ndilo hasa ambalo mifumo ya kompyuta ya kusaidia maamuzi imebuniwa ili kulipima.

Lakini Geita hiyohiyo inafundisha upande wa pili. Kampuni iliyokuwa ikiujenga mgodi huo mpya, Ashanti Goldfields ya Ghana, ilikuwa imeuza mapema, kwa mikataba ya bei za baadaye, sehemu kubwa ya dhahabu ambayo ilikuwa bado haijaichimba. Mikataba hiyo ilipangwa kwa hesabu za kitaalamu zilizotazamia bei iendelee kudorora. Septemba 26, 1999, benki kuu 15 za Ulaya zikatangaza kupunguza mauzo ya akiba zao za dhahabu. Bei ikaruka ghafla, na mikataba ya Ashanti ikageuka deni la zaidi ya Dola za Marekani milioni 400 katika makaratasi. Ili kujinusuru, kampuni ikauza nusu ya mgodi wa Geita kwa AngloGold mwaka 2000, na mwaka 2004 kampuni hizo mbili zikaungana. Hesabu hazikukosewa. Kilichokosewa ni dhana iliyoziongoza.

Wataalamu wa Chuo cha MIT nchini Marekani, Anthony Gorry na Michael Scott Morton, mwaka 1971 waliyagawa maamuzi ya biashara kwa namna inayosaidia kuliona jambo hili. Yapo yenye kanuni, yanayojirudia kila siku, ambayo mashine inaweza kuachiwa. Yapo yasiyo na kanuni, ambayo binadamu hana budi kuyabeba. Katikati yapo mengi ambayo mashine humsaidia mtu, wala haimwondoi kitini. Kwa kipimo hicho, Dk. Williamson alikuwa bingwa wa kundi la pili. Udhaifu wake ulikuwa kwamba aliyashika kwa mkono uleule hata ya kundi la kwanza.

Mwadui ilimzunguka yeye. Alikuwa mtu wa kufuatilia mambo madogo madogo, na umakini huo ulioujenga mgodi katika siku za uchanga wake ukawa mzigo ulipokua. Waliosimulia maisha yake wameeleza jinsi alivyozidi kujitenga katika miaka ya 1950, afya yake ikizorota na kinywaji kikichukua nafasi kubwa. Katika kampuni yenye bodi na wakurugenzi wenye mamlaka, ugonjwa wa mkuu mmoja ni habari ya kusikitisha. Katika kampuni ambayo mkuu ndiye bodi, ndiye mizania na ndiye kumbukumbu, ugonjwa wake ni ugonjwa wa kampuni.

Hata hivyo miaka hiyo haikuwa ya kusimama. Katikati ya miaka ya 1950 mtambo mpya mkubwa wa kuchenjua mwamba ulianza kazi, na Mwadui ikaachana na vyuma vya kuokoteza vya wakati wa vita. Oktoba 1956 Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia, alifika Mwadui na kupewa almasi. Mwenyeji wake alikuwa amebakiza miezi isiyozidi 15 ya kuishi.

Dk. Williamson alifariki Mwadui Januari 8, 1958, kwa saratani ya koo. Alikuwa na umri wa miaka 50. Sehemu kubwa ya mali yake iliwaangukia ndugu zake, akiwamo kaka yake Percy, huku Chopra akibaki na hisa zake.

Warithi walikabidhiwa mgodi tajiri na fumbo. Walitakiwa kulipa kodi ya mirathi, kukabiliana na De Beers ambayo sasa haikuwa tena na mpinzani mkaidi mbele yake, na kuongoza shughuli iliyokuwa imezoea neno la mtu mmoja. Haukupita hata mwaka. Mwaka huohuo wa 1958 kampuni iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 4 za Uingereza, De Beers na Serikali ya Tanganyika wakigawana umiliki nusu kwa nusu. Dirisha la London, ambalo marehemu alilizuia kwa miaka mingi, likaingia Mwadui kwa mlango wa mbele. Kwa upande mwingine, mpango huo uliifanya nchi, miaka mitatu kabla ya uhuru, iwe na nusu ya mgodi wake mkubwa wa almasi, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikulipata hadi baadaye sana.

Kompyuta nazo zilichukua njia yake yenye kona hapa nchini. Ya kwanza serikalini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, hatua iliyochelewesha kwa miaka kadhaa matumizi yake katika mashirika ya umma. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 mkono wa Serikali ulizidi kuwa mkubwa Mwadui, na uzalishaji ukaendelea kushuka. Mwaka 1994 De Beers ikarudi ikiwa na asilimia 75 ya hisa, na mwaka 2009 hisa hizo zikanunuliwa na kampuni ya Petra Diamonds.

Mgodi ambao wenye Mabuki wangeukosa kwa kufuata vitabu vyao umekwisha kutoa zaidi ya karati milioni 20. Oktoba 2022, mjini Hong Kong, jiwe la waridi la karati 11.15 lililotoka Mwadui na kupewa jina la Williamson Pink Star liliuzwa kwa Dola za Marekani milioni 57.7. Mwezi uliofuata, Novemba 7, ukuta wa bwawa la tope la mabaki ya mgodi huo ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za wanavijiji wa jirani. Uzalishaji ulirejea mwaka 2023, na mwaka 2025 Petra ikakubali kuuza hisa zake na kuondoka.